Maganda

Gunia nilipewa bure.
Kiwanda hakiwasahau wastaafu wake: kila Machi
hutugawia taka zake tamu,
maganda ya kakao, makavu, mepesi kama kucha,
tuyatandaze kwenye mashina ya mawaridi
magugu yakose pumzi.

Miaka thelathini na moja nilikaanga kakao ng'ambo ya mfereji,
hata Godelieve akaniambia usiku mmoja,
"Lieven, wewe huogi, unalowa tu,"
maana harufu ilishahamia ngozini
na haikuwa na nauli ya kurudi.

Godelieve hayupo. Mawaridi ni yake.
Nikamwaga gunia zima, nikatandaza kwa viganja,
mvua ya Aalst ikanyunyiza, mvua yetu isiyojua kuaga,
na bustani yote ikanukia koti langu la kazi,
ikanukia yeye akinifungulia mlango.
Nilisimama na reki mkononi. Sikuona haya.

Mosterd naye alinusa.

Tamaa mbele, mauti nyuma, husemwa.
Lakini mbwa hakutamani. Mbwa aliamini.
Kwa miaka tisa kila kilichotoka mkononi mwangu
kilikuwa chakula
au kilikuwa mpira.

Saa nne usiku akaanza kuizunguka meza.
Saa tano akatapika, kahawia, kunanukia sikukuu.
Nikaweka kiganja ubavuni pake:
moyo ulikuwa ukienda kama mashine namba tatu,
ile iliyomkata Firmin kidole,
mbio, mbio, bila mtu kwenye swichi.

Daktari Verstuyft alifungua
kavaa gauni la kulalia chini ya koti jeupe.
"Kala nini?"
"Maganda."
"Kiasi gani?"
Nikatazama viganja vyangu.

Akanieleza huku akitafuta mshipa:
kuna kitu ndani ya kakao
ambacho mimi na wewe tunakimaliza kabla ya kulala,
ila mwili wake haujui kukitoa,
kinakaa, kinamtikisa, mgeni asiyeondoka.
Kisha mrija. Kisha mkaa mweusi kooni.
Kisha degedege, na mimi nikatolewa nje.

Gunia tupu nilikuwa nimelibeba, sijui kwa nini.
Nikalisoma chini ya taa ya ukumbini.
Karibu na mshono, herufi ndogo kama chawa:
mbwa wasifike.
Mimi nilikuwa nimesoma nembo tu.
Nembo ile niliivaa kifuani tangu nina miaka ishirini na miwili.

Alfajiri alikojoa sakafuni
na daktari akapiga makofi.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, nikazoa ganda moja moja.
Hülya wa jirani akaja na tochi, hakuuliza,
akapiga magoti upande wa pili.
Baadaye kidogo akasema, bila kuniangalia,
"Zile chembe za buluu za kuulia makoa, unazo?
Paka wangu alikufa kwa kijiko kimoja."
Nilikuwa nazo. Rafu ya juu, mfuko wazi.
Na unga wa mifupa, ambao mbwa yeyote angeuita nyama.
Na yale maua marefu ya zambarau kwenye ua,
ambayo Godelieve aliyaita kengele za wanawali,
Hülya aliyaelekezea tochi, akanyamaza.
Hayo sijayang'oa. Nimeyazungushia waya.

Alhamisi Mosterd alirudi, mguu mmoja umenyolewa.
Akaenda moja kwa moja kwenye mawaridi, akanusa,
akanigeukia, mkia ukienda,
kana kwamba nimemwibia kitu
na ameshanisamehe.

Sasa nimetandaza majani makavu. Hayanuki chochote.
Jana nikakuta ganda moja limenasa kwenye soli ya kiatu.
Nikalitia mdomoni, nikalitafuna.
Chungu.
Lilikuwa chungu siku zote.
Sukari tulikuwa tukiitia jengo la pili.