Kiwimbi Juu ya U

Alikuja Jumatatu na kadi ya chanjo ya mwanawe,
akaibwaga kauntani kama mtu arudishaye maziwa yaliyochacha.
"Hili si jina langu."
Kadi ilisema: WanjÅ©gÅ©.
Nikaliona lile duara dogo lenye c tumboni,
alama ya wenye hakimiliki, mara mbili,
kana kwamba kampuni fulani imemsajili mama
na mtoto kazaliwa Pangani kwa idhini yao.

"Toa hivyo vijimkia," akaniambia Shikuku wa mapokezi.
"U ni u. Nani atakufa?"
Hakuna atakayekufa.
Ila u yenye kiwimbi haisomwi u,
inajongea o, mdomo nusu wazi,
na ukiinyoa anabaki Wanjugu,
tumtafune na chai ya saa nne.

Nikabaki ofisini. Nje, Juja Road ikapunguza sauti.
Kosa kumbe langu: baiti mbili zimeshikana mikono,
seva ikasoma kila moja peke yake,
kama karani anayeandikisha mapacha
akawapa baba tofauti.
Hilo nililitengeneza kabla ya saa sita.

Ng'eno alikuwa na kisa chake.
Ritifaa ilifunga sentensi ya programu mapema,
kichwa kikaingia, Ng,
kiwiliwili kikabaki mlangoni kinagombana na askari.
Nilicheka peke yangu.
Mswahili gani hujenga zizi asimopita ng'ombe?

Na Fauzia, aliyejiandika kwa Kiarabu,
alitoka kinyumenyume, herufi zimeachana mikono.
Hata lugha hii ninayoiwazia
iliwahi kutoka kulia kwenda kushoto
na haikujikwaa.

Halafu mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Jina la mama: ??

Nilijaribu kila msimbo niujuao.
Herufi iliyovunjika hurudi,
ukijua ilivyovunjika unaiunga.
Alama ya kuuliza hairudi.
Programu ya zamani ilikutana na mgeni,
ikamfuta, ikaweka swali mahali pake,
wala haikumuuliza mtu.
Walikuwa sitini na mmoja.

Asubuhi nikapiga simu.
"Samahani mama, ni zahanati ya Pangani. Jina lako nani?"
Kimya. Kitoto kinalia nyuma yake.
"Si niliwaandikia?"
Uliandika, mama.

Akaja mchana, mwavuli unatiririka maji.
Akageuza risiti ya duka la dawa,
akaandika mgongoni mwake, polepole, kama anayemfundisha mtoto:

ጽጌ

Herufi mbili tu. Kwao, akasema, ni ua.
Nikazitafuta kwenye jedwali moja baada ya nyingine,
yeye akinisimamia begani: "Siyo hiyo. Hiyo ina mguu."
Nikahifadhi. Nikafunga faili.
Nikalifungua tena kuona kama bado yumo.

Wamebaki sitini.