Moshi wa Buluu

Ekzosi inatema moshi wa buluu
hadi kwenye shuka za Genovaitė, zilizoganda kambani.
Anafunga dirisha kwa kishindo. Kaunas nzima imesikia.

Sili za vali nimeshabadilisha.
Plagi imelowa, nyeusi kama tako la sufuria.
Palipo na moshi pana moto, wanasema;
hapa pana oili tu, inapenya isikoalikwa.

Usiku nafungua silinda juu ya meza ya jikoni.
Ringi ya pili:
herufi ya juu imetazama chini.

Hiyo aliivisha Baba,
ulimi nje, miwani mfukoni,
akiisukuma kando taa yangu.

Naigeuza. Nafunga. Nanawa kwa sabuni ya unga.

Asubuhi pikipiki inanguruma, moshi hakuna.
"Si nilikwambia? Ilikuwa baridi tu."
"Kweli, Baba. Baridi."