Mkono wa Mkunga

Saa tisa za usiku, hospitali ya Naryn,
theluji imeziba nusu ya dirisha.
Bibi Batmakan, siku ya pili tangu goita ikatwe,
aligusa midomo yake kwa kidole:
"Binti, sisimizi wananitembea hapa."
Nikasema ni baridi. Nikamwongezea blanketi.
Kosa hilo naliandika kwa kalamu isiyofutika.

Sisimizi wakahamia vidoleni.
Akaomba maji, kikombe kikamponyoka,
akausingizia uzee,
nami nikaupokea uzee, maana ni rahisi:
uzee haujitetei.

Ikafika saa ya kupima presha.
Nikafunga mkanda, nikaujaza hewa,
simu ikalia mezani, nikaenda.
Dakika tatu, labda. Niliporudi
mkono ulikuwa umejikunja wenyewe:
kifundo kimepinda,
vidole vimenyooka, vimebanana,
kidole gumba kimelala kiganjani
kama kitu kilichofichwa mgeni asikione.

Hakulia. Aliutazama
kama mtu aliyekutana njiani na koti lake la zamani,
limevaliwa na mwingine.
"Huu naujua," akasema. "Miaka thelathini na minane
niliukunja hivi kwa hiari yangu,
nikaupitisha penye giza
kuwatafuta watoto waliogoma kuzaliwa,
na wana-kondoo pia, daktari wa mifugo alipochelewa.
Leo umejikunja bila kuniuliza."

Hapo ndipo nilipoamka.
Nikamgonga shavuni, mbele ya sikio, kwa ncha ya kidole,
na pembe ya mdomo ikaruka
kama samaki aliyeguswa chini ya barafu.

Kalsiamu.
Mwanamke aliyelelewa kwa maziwa ya farasi,
mwenye vidonge vya mtindi mkavu mfukoni, vigumu kama kokoto,
damu yake imeishiwa chokaa.
Tezi nne, ndogo kama punje za mchele,
ziliondoka pamoja na goita,
wala hakuna aliyezihesabu.

Daktari Sooronbek alikuja na soksi mguu mmoja.
Dawa tukaisukuma mshipani polepole,
polepole hadi bega likaniuma,
jicho moja kwenye bomba la sindano,
jingine kwenye mstari wa moyo,
kwani moyo ukiharakishwa huweza kusimama.

Vidole vikaachana, kimoja, kisha kimoja.
Kidole gumba kikatoka cha mwisho,
chekundu, kimelowa jasho.
Batmakan akakitazama kwa muda.
"Msichana," akasema,
akageukia ukutani, akalala.