Balansi

Neno hili halikuzaliwa Arua.
Lilikuja na karani fulani, nadhani,
ndani ya daftari lenye mistari myekundu.
Karani akaondoka, neno likabaki,
likajifunza kula mihogo na ufuta kama sisi.

Kiswahili kina vyumba vingi kwa ajili yake:
chenji chumba hiki, salio kile, baki uani,
mizani barazani, na urari, yule mgeni wa heshima
asiyeketi na mtu ila walimu wa ushairi.
Sisi tumewalaza wote kitanda kimoja.
Balansi. Sogea, mwenzako naye apate pa kulala.

Nililisikia kwanza juu ya baiskeli ya baba,
mguu nimeupenyeza chini ya bomba la kati
kwa kuwa tandiko lilinishinda urefu,
naye anakimbia nyuma ameshika keria:
"Balansi, Adiru! Usitazame gurudumu,
tazama kanisa kule Ediofe!"
Nikalitazama kanisa.
Nikaangukia karanga za watu.

Kisha nikalikuta dukani kwa Onzima.
Noti ya elfu moja, chumvi ya mia saba,
na balansi yangu ni peremende mbili na ahadi.
"Mwambie mama tutaonana."
Mama alizitunza ahadi hizo kichwani,
kijitabu kisichodondosha ukurasa.

Shuleni mhasibu alisimama mlangoni na karatasi:
"Adiru. Balansi, elfu kumi na nne."
Ubaoni, mwalimu Anguyo alitaka tubalansi
hidrojeni na oksijeni, kushoto na kulia,
pasipotee hata chembe.
Nilikusanya vitabu. Njiani nikaendelea na hesabu:
mbili huku, moja huku, kule maji mawili.
Ilitoka sawa.
Hakuwepo wa kunisahihishia.

Mama alipokufa, Agosti, mvua za mchana,
wajomba walifika kutoka Terego
kabla jeneza halijafungwa.
Hawakulia. Waliketi upande wao wa ua,
mkubwa wao akavua kofia, akakohoa,
akasema kwa upole kabisa
kwamba kuna balansi.
Ng'ombe mmoja, mbuzi wawili,
tangu mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa.
Kaburi lilikuwa tayari. Udongo mwekundu kandoni,
umelowa, ulianza kurudi shimoni wenyewe.

Nilitaka kupiga kelele: kwani mama ni sukari,
mpime, mfunge, mdai kilichosalia?
Baba alinishika bega.
"Hawamuuzi," alisema.
"Wanataka isikike kwamba hakuwa wa bure."
Akaenda nyuma ya nyumba, akaileta baiskeli.
Aliisukuma polepole katikati ya watu wote,
kengele ikilia peke yake kila penye shimo.

Wakaipokea. Ndipo wakalia,
na kilio chao kilikuwa cha kweli;
hapo siwezi kuwapunja.

Sasa nina duka langu, dogo, njia ya kwenda Vurra.
Mizani yangu huegemea kushoto,
kwa hiyo kulia naweka msumari mmoja.
Wateja wanaujua huo msumari, wanausalimia.

Jana mtoto wa Candiru alisimama kaunta,
kidevu hakijafika mbaoni.
"Mama, nilikuachia balansi. Mia mbili.
Siku ile ya sabuni."
Siku ipi? Sikukumbuka sabuni, wala yeye.
Kitabu changu nacho hakikukumbuka.
Nje, mtu alikuwa anapitisha baiskeli,
na kengele yake, sijui, labda zote hulia vile.

Nilimhesabia. Mia. Na mia.
Akazihesabu tena yeye, hakuniamini,
akazifumbata,
akaondoka juu ya ukingo wa mtaro,
mguu mbele ya mguu,
mikono ameitandaza.