Kusaga Magae

Mfinyanzi hulia gaeni, wasema wasiofinyanga.
Kwa mavyaa yangu gae haliliwi,
linasagwa.
Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, hapa Bukindo, kisiwani Ukerewe,
sikuruhusiwa kugusa udongo. Nilipewa jiwe bapa, na jiwe la mviringo,
na lundo la vyungu vilivyokufa nyuma ya zizi.
"Saga mpaka yawe chenga kama mtama," akasema Nyangeta,
"na kila gae, uliza lilikuwa la nani."

Basi nikauliza.
Lile lenye masizi hadi shingoni ni la kina Mugeta,
enzi wakiwa tisa na moto haulali.
Lile jembamba, lenye nakshi ya gunzi mabegani,
mbuzi alilipiga teke siku ya mahari,
na mpaka leo mbuzi ndiye anayelaumiwa
kwa posa iliyovunjika.

Udongo tunauchimba bondeni, nyuma ya majaruba ya mpunga,
kabla jua halijapiga ziwa. Njiani hatusemi.
Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu nyumbani,
vikapu vimeshatuliwa, kata bado kichwani:
"Ukipiga domo, udongo unasikiliza.
Ukisikiliza, haushikani."

Gurudumu hana. Chungu kinakaa;
azungukaye ni yeye, kinyumenyume, mgongo umekunjika,
pete ya udongo juu ya pete,
kipande cha kibuyu kikikwangua, kokoto ya ufukweni ikilainisha.
Uani pana mfereji wa duara, kina cha vidole vitatu.
Mvua ikinyesha, kuku hunywa humo
maji ya miaka arobaini ya nyayo.

Mwaka jana mtu wa hoteli alivuka na kivuko kutoka Mwanza,
akaagiza thelathini, vyenye tundu chini, vya kupandia maua.
Mavyaa alicheka hadi akashika kiuno:
"Nikizae kimeshatoboka?"
Akavizaa. Akavitoboa vyote kwa bua la mtama,
akahesabu fedha mara mbili, akaezeka jiko bati,
na juma zima hakutaka habari ile itajwe.

Siku ya kuchoma, upepo wa ziwa ndio mwenyekiti.
Ukitulia, tunapanga: vyungu, magome, nyasi, kinyesi kikavu cha ng'ombe,
kisha tunakaa kando na kutega sikio.
Pa! Kimoja.
Changu cha kwanza maishani kilikuwa humo.
Pa!
Niliijua sauti yake kama mama ajuavyo kikohozi.
Hakunipa pole. Alingoja kipoe,
akanisogezea jiwe.
Nikasaga.
Sikuuliza.

Mtendaji ana daftari la wakazi; sisi tuna midomo ya vyungu.
Kina Mugeta waliagiza cha shubiri tatu.
Vijana wakaenda machimboni Geita, wakaagiza cha mbili.
Mzee akazikwa, msimu ukapita bila agizo.
Juzi mama yao alikuja, akafumba ngumi, akainyoosha mbele yetu:
"Kama hivi tu. Kinanitosha."
Mavyaa aliitazama ile ngumi
kama mtu anayesomewa barua.

Aliporudi kukichukua, kilikuwa cha shubiri mbili kamili.
"Udongo ulizidi," mavyaa alisema,
akainama kutafuta kitu ambacho hakikupotea.
Mama Mugeta akakigonga kwa kiungo cha kidole.
Kikalia, sauti ndefu, safi.
Akalipa bei ya ngumi, wala hakuna aliyemrekebisha.
Akajitwika, akashika njia ya mihogoni,
na mle kuta zake zilimosagiwa
kimo kile cha watu tisa,
na changu kimo.
Sikumwambia.