Kifuniko Kimoja

Kwetu Kiuyu bwawa limechongwa ndani ya jiwe la matumbawe.
Maji yake mazito: sabuni haitoi povu,
birika linaota ukoko mweupe.
Mwaka wa kipindupindu tulitia klorini, kifuniko kimoja cha chupa;
perege waliyumba kidogo,
jioni wakala pumba.

Nimeolewa Mtambile.
Hapa maji yanachuruzika kwenye udongo mwekundu,
yanalala chini ya mikarafuu
na majani yaliyooza tangu enzi za babu mkwe.
Ukiyaonja yanakaza ulimi.
Povu? Hata hujasugua.

Nikapima kifuniko kilekile.
Sikuzidisha, wifi Mize, wallahi sikuzidisha.

Alfajiri walikuwa juu juu, midomo wazi,
matamvua yamepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno.
Niliwahesabu hadi arubaini na moja,
kisha nikaacha.

Makame wa maji akaja na vikaratasi vyake,
akachovya kimoja, kikawa rangi ya chungwa.
"Kwenu kingekuwa kijani," akasema.
"Dawa ni ileile, bibi.
Chokaa huipunguzia makali.
Maji machachu huyarudisha yote,
nayo hupenya tamvuani bila hodi."

Mama mkwe hakusema kitu.
Alichukua jembe akafukia, mgongo kwangu.

Usiku nikampigia kaka Hamadi:
ukija Idi, usiniletee pweza.
Niletee gunia la mawe ya nyumbani,
yale meupe,
nikayalaze humu majini kwanza,
ndipo nithubutu tena kushika chupa.