Usiku wa Nne wa Bani

Tumbo langu nalijua, au nilidhani nalijua.
Limekwisha kuninung'unikia mara nyingi:
michembe ya usiku iliyonifura hadi mkanda ukalia,
maji ya lambo yaliyonikimbiza kichakani siku mbili,
na ule moto chini ya chembe cha moyo
niliouchochea mwenyewe
kwa vidonge vya mgongo juu ya njaa ya kulima.
Yote yalikuja, yakalalamika, yakaondoka
kama wadai wanaojua huna kitu.

Hili lilianza kitovuni, jioni,
usiku wa nne wa bani.
Bani haliachwi. Huku Usoke hata mtoto anajua:
moto ukilala, majani yanalala nao,
na chama cha msingi hakikopeshi huruma.
Nikasukuma gogo. Nikakaa.
Nikasukuma gogo.

Usiku wa manane tumbo likahama.
Likashuka kulia, chini, karibu na nyonga,
likapiga kambi pale kama mtu aliyenunua kiwanja.
Nikatapika ugali wa mchana.
Nshoma akaja na taa. "Linakata au linachoma?"
"Linakaa," nikasema. Sikuwa na neno jingine.

Mama mkwe akasema chango.
Mihambo, jirani, akasema minyoo.
Shemeji, aliyewahi kuuza duka la dawa Kaliua,
akasema taifodi, anywe rangi mbili alale.
Kila mmoja alikuwa sahihi
kwa tumbo la mtu mwingine.

Kabla ya jogoo, likanyamaza.
Ghafla, kama redio iliyoishiwa betri.
Nikacheka! Mama mkwe akaushukuru mzizi wake,
nikaomba uji, nikaomba nikasome kipimajoto cha bani.
Nshoma peke yake hakucheka.
Akaweka kiganja tumboni kwangu
akakuta ubao.
"Huyu hajapona," akasema.
"Mlango umevunjwa,
ndiyo maana hakuna anayebisha hodi."

Akamwita Shija wa pikipiki.
Barabara ya Urambo ina mashimo,
mengine yana majina; asubuhi ile
niliyahesabu yote kwa ubavu wa kulia,
nikitetemeka kwa baridi na jua limeshachomoza.

Daktari alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanangu.
Alibonyeza polepole, akaachia mara moja,
nikaona nyota kwenye dari.
"Mashimo ya njiani yalikuumiza?"
"Taja shimo," nikamjibu, "nikueleze lilivyouma."
Hakuandika chango.
Aliandika kidole tumbo, kimepasuka,
akamgeukia Nshoma: "Mngengoja hadi jioni..."
sentensi yenyewe akaiacha mezani, akaenda kunawa.

Siku ya tatu wodi nzima ilisubiri nijambe.
Nesi aliuliza kwa adabu, "Baba, umetoa hewa?"
Mzee wa kitanda cha saba aliuliza bila adabu.
Nilipofanikiwa wakapiga makofi,
na uji ule, usio na sukari,
sijawahi kunywa mwingine kama huo.

Bani lililala, ndiyo.
Majani yalitoka na rangi ya chura;
mteuzi akayasogeza kwa ncha ya kidole, daraja la mwisho.
Deni liko chamani. Kovu liko hapa, ukitaka nikuonyeshe.

Siku hizi watu huniletea matumbo yao
kana kwamba kukatwa ni kusoma.
Nawaambia sijui. Kiungulia sijui, gesi sijui,
jana ulikula nini unajua wewe.
Lakini lililohama likakita mahali pamoja,
lililokuwa ubao, linalokuja na homa na matapishi,
lenye damu chooni, la mwenye mimba,
la mtoto anayekataa hata kuguswa,
na zaidi lile lililouma usiku kucha
kisha likanyamaza bila kuaga,
hilo usinisimulie.
Shija yuko pale njia panda.
Ana mafuta.